UZI: Kupima kama watoto wachanga wananyonya maziwa ya mama pekee: dodoso, hesabu na maabara

KipimoLishe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Ripoti nyingi za miradi ya lishe zinataja asilimia ya watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee bila kueleza imepatikanaje. Mtu anachukua namba ya mradi wake, anaipanga kando ya ile ya TDHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Tanzania), kisha anatangaza mafanikio. Mara nyingi namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Naweka msingi hapa, wenye uzoefu waongeze na wakosoe.

Kiashiria cha WHO na UNICEF (mwongozo wa 2008, ukahuishwa 2021) kinauliza hivi: kati ya watoto wote wa miezi 0 hadi 5, ni wangapi ambao jana, mchana na usiku, hawakupewa chochote zaidi ya maziwa ya mama? Miezi 0 hadi 5 maana yake hajatimiza miezi sita. Aliyetimiza miezi sita jana hayumo. Ukikuta ripoti imeandika "miezi 0–6", simama hapo kwanza uulize.

Vinavyoruhusiwa: maziwa ya mama yaliyokamuliwa, hata akinyweshwa kwa kikombe, kijiko au chupa; maziwa ya mwanamke mwingine anayemnyonyesha; ORS (maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuharisha); matone na sharubati za vitamini, madini na dawa za hospitali. Maji hayaruhusiwi, hata kijiko kimoja. Dawa za mitishamba za kunywa nazo mwongozo wa 2008 unazihesabu kama vinywaji vingine, kwa hiyo mtoto aliyepewa anatoka kwenye kundi.

Asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, ni watoto wote wa umri huo, pamoja na wasionyonya kabisa. Kuna wanaowaondoa wasionyonya kwa hoja kwamba "hawahusiki". Wanahusika. Ukiwaondoa, asilimia inapanda bila mtoto hata mmoja kubadilishiwa lishe.

Sasa namba za taifa. Tanzania kwa TDHS: 41% mwaka 2004-05, 50% mwaka 2010, 59% mwaka 2015-16, 64% mwaka 2022. Kenya kwa KDHS, utafiti wao kama huo: 13% mwaka 2003, 32% mwaka 2008-09, 61% mwaka 2014, 60% mwaka 2022. Unaweza kuzilinganisha kwa sababu zote zinauliza ya jana. Lakini ile 59% ya 2015-16 haisemi kwamba watoto 59 kati ya 100 walifika miezi sita kwa maziwa ya mama pekee. Ni wastani wa umri wote huo kwa pamoja: wenye miezi 0–1 walikuwa 84%, wenye miezi 4–5 walikuwa 27%. Hiyo 27% ndiyo inayopaswa kutukosesha usingizi, na ndiyo isiyoandikwa kwenye mabango.

---

mratibu_kata

Asante sana mkuu. Swali la vitendo: tunaandaa utafiti wa awali wa wilaya na dodoso tayari ni refu. Tumeweka swali moja: "Je, mtoto wako unamnyonyesha maziwa ya mama pekee?" Ndiyo/Hapana. Halifai?

---

BiTakwimu

Halifai kabisa, ndugu mratibu. Kila mama aliyepita kliniki ameshasikia jibu sahihi la swali hilo. Unapima kama anakumbuka somo. Tena wengi wanaelewa "pekee" kuwa ni bila uji na bila maziwa ya kopo. Maji ya uvuguvugu mtoto akikaukwa koo hayaingii kwenye hesabu yao, na hawadanganyi: kwao maji si chakula.

Neno "pekee" lisionekane popote kwenye dodoso. Unauliza kitu kimoja kimoja, na upekee unautafuta mwenyewe baadaye kwenye data. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Anza na tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kadi ya kliniki. Usiulize "ana miezi mingapi", maana jibu litakuwa "mitatu" kwa mwenye wiki 10 na kwa mwenye wiki 16 vilevile.

Kisha: jana, mchana au usiku, alinyonya? Jana alipewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, au alinyonyeshwa na mtu mwingine?

Kisha vinywaji, kila kimoja na mstari wake: maji matupu, maji ya sukari au glukosi, maziwa ya kopo (na mara ngapi), maziwa ya ng'ombe au mbuzi, mtindi wa kunywa, juisi, soda, chai au kahawa, supu nyepesi, dawa ya kienyeji ya kunywa, kinywaji kingine chochote, taja.

Kisha vyakula: uji, ndizi, viazi, na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Usiseme "huyu ana miezi miwili, vyakula niruke". Uji mwepesi huanza mapema kuliko tunavyopenda kuamini.

Dirisha la muda lishikwe kwa jua, si kwa jina la siku. "Tangu jua lilipochomoza jana mpaka lilipochomoza leo" halina utata. "Jana usiku" linaweza kumpeleka mtu kwenye usiku wa kuamkia jana, hasa Pwani ambako siku huhesabiwa kuanzia magharibi.

Kuhusu urefu: mistari hiyo yote, mdodosaji akiizoea, ni dakika tano hivi. Kama hamna dakika tano, ondoeni kiashiria hiki kwenye utafiti wenu. Kibaki kwa watakaokipima.

---

mkunga_pwani

Dada BiTakwimu amesema vizuri. Naongeza ya upande wetu, maana orodha iliyonakiliwa tu kutoka kwenye mwongozo wa kimataifa inakosa mambo ya Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa.

Kuna tahniki: tende iliyotafunwa hupakwa kaakaa la mtoto siku za mwanzo, na baadhi hutumia asali. Kuna kombe, maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji yakanywewa, na mtoto anayelia sana usiku anaweza kupewa. Kuna maji ya zamzam yaliyoletwa na ndugu kutoka Hija. Kuna dawa za chango, za kuchemsha au za kuloweka, ambazo bibi huzianza wiki za mwanzo na huweza kuzitoa kila siku.

Ukiuliza "alikunywa maji?", mama atajibu hapana kwa moyo mweupe ilhali asubuhi mtoto kapata vijiko viwili vya dawa ya chango. Uliza kwa jina lake, na kwa adabu. Ukionyesha kwamba unaona kombe ni kosa, nyumba nzima imefungwa.

Jingine: uliza nani alikaa na mtoto jana. Kama mama alishinda sokoni au shambani, mjuzi wa mambo ni bibi, shangazi au dada wa kazi. Na mama mkwe akiwa amekaa mkekani hapo hapo, omba kwa heshima uongee na mama peke yake. Mara nyingi aliyetoa maji ndiye huyo aliyeko pembeni.

---

dodoso_safi

Maji ya dawa ya gesi ya dukani mnayaweka wapi? Timu moja inayaita dawa, nyingine inayaita maji ya sukari. Matokeo ya wilaya mbili jirani yanaachana kwa sababu ya hicho kichupa tu.

---

BiTakwimu

Yape mstari wake peke yake, yasichanganywe na dawa wala vinywaji. Kisha toa matokeo mara mbili: ukiyahesabu kama dawa, na ukiyahesabu kama kinywaji. Uamuzi wa namba kuu uandikwe kwenye mpango wa uchambuzi kabla ya data kuingia. Akichagua mtu baada ya kuona matokeo, atachagua ile nzuri.

---

hesabu_kwanza

Wakuu, tusisahau ukubwa wa sampuli. Hapa ndipo tafiti ndogo zinapokufa.

Tuseme unatarajia 60% na unataka kosa lisizidi pointi 5 juu au chini. Hesabu: 1.96 × 1.96 × 0.6 × 0.4 ÷ (0.05 × 0.05) = watoto 369. Umechagua kwa vitongoji, kwa hiyo zidisha athari ya makundi (watoto wa kitongoji kimoja hufanana, hivyo unahitaji wengi zaidi), tuseme 1.5: unafika 554. Hao ni watoto wa miezi 0–5, si kaya. Kama kaya 100 zina watoto 8 wa umri huo, unahitaji kupita kaya karibu 7,000. Hakuna mradi wa wilaya wenye bajeti hiyo.

Kinachotokea sasa: timu inafanya utafiti wa utapiamlo wa watoto chini ya miaka 5, inaokota watoto 40 wachanga humo humo njiani, na inaandika "60%". Kwa watoto 40, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 45% na 75%, na hapo bado sijaweka athari ya makundi. Mwaka unaofuata wanapata 70%, wanasema mradi umefanya kazi. Hakuna kilichopimwa.

Njia nafuu: wahudumu wa afya ngazi ya jamii waorodheshe kwanza watoto wote chini ya miezi 6 kwenye vitongoji vilivyochaguliwa, kisha uchague kutoka kwenye orodha hiyo. Inaokoa safari nyingi. Angalia tu orodha isiwe ya daftari la kliniki peke yake, maana waliojifungulia nyumbani watapotea.

Na msichague watoto kwenye foleni ya chanjo. Ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu kimya mpaka miezi 9. Foleni hiyo imejaa wa miezi 1 hadi 3, na wale wa miezi 4–5, ambako namba inaporomoka, ni wachache. Utapata asilimia tamu isiyo ya wilaya yako. Vyovyote utakavyochagua, toa mgawanyo wa umri: 0–1, 2–3, 4–5.

---

swali_gumu

Mimi napinga msingi wenyewe. Kwa nini jana tu? Mtoto aliyepewa maji Jumamosi na Jumapili, ukimkuta Jumatano anahesabiwa "pekee". Huko ni kuhesabu siku, wala mtoto hujampima.

Ushahidi upo. Nchini Sweden, utafiti wa Aarts na wenzake (2000) ulipima watoto wale wale kwa njia mbili. Wakiwa na miezi 2, kwa swali la saa 24 walikuwa 92%, kwa kumbukumbu tangu kuzaliwa 51%. Miezi 4: 73% dhidi ya 30%. Mbale, mashariki mwa Uganda, Engebretsen na wenzake (2007) walipouliza tangu kuzaliwa walipata 7% kwa miezi 3 na 0% kwa miezi 6, kwa sababu zaidi ya nusu ya watoto walishapewa kitu kabla hata ya ziwa la kwanza. Sasa nani anasema ukweli?

---

KipimoLishe

Swali zuri, na sitalikwepa. Zote ni kweli, kila moja kwa swali lake.

"Jana" inakadiria siku ya kawaida ya jamii nzima: ukichukua watoto 1,000 leo, wangapi leo wako kwenye maziwa ya mama pekee. Kwa kufuatilia nchi mwaka hadi mwaka inafaa, kwa sababu kumbukumbu ya jana ni imara na kosa lake ni lile lile kila mara. Inapandisha namba, ndiyo, na inaipandisha zaidi pale ambapo maji hutolewa mara moja moja.

"Tangu kuzaliwa" ndiyo unayoihitaji ukitaka kujua athari kwa mtoto mmoja mmoja: kuhara, maambukizi, uzito. Shida yake ni mbili. Mama wa mtoto wa miezi 5 hakumbuki vizuri wiki ya pili. Na kijiko kimoja cha maji ya sukari siku ya kwanza kinamwondoa mtoto ambaye baada ya hapo hakuguswa na kitu kingine miezi yote. Hiyo 0% ya Mbale imebeba hilo.

Ndiyo maana mwongozo wa 2021 umeongeza kiashiria cha siku 2 za kwanza: kati ya watoto wa miezi 0 hadi 23, wangapi walipata maziwa ya mama pekee katika siku mbili baada ya kuzaliwa. Ukikiweka kando ya kile cha jana, unaona kama tatizo lenu liko wodini na kwa bibi wa kupokea mtoto, au linaanza mama akirudi kazini. Hizo ni kazi mbili tofauti kwa mradi.

Kwa utafiti wa kufuatilia watoto, mtembelee kila mtoto mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, uulize siku 7 zilizopita kwa orodha ile ile. Ubovu wa njia hii: kutembelewa huko kwenyewe kunambadilisha mama.

---

maabara_isotopu

Wadau, kuna kipimo kisichotegemea kauli ya mtu. Kinaitwa uyeyushaji wa deuteriamu, na IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilitoa mwongozo wake mwaka 2010. Deuteriamu ni hidrojeni nzito, isotopu tulivu, haina mionzi. Hilo waelezeni akina mama mapema kabisa, maana jina la shirika la atomiki linatisha.

Mama anakunywa gramu 30 za maji yenye deuteriamu. Yanaenea kwenye maji ya mwili wake kwa saa chache, kisha yanapita kwenye maziwa kwenda kwa mtoto. Mate ya wote wawili yanachukuliwa kabla ya dozi, halafu siku ya 1, 2, 3, 4, 13 na 14. Deuteriamu ya mtoto imetoka kwenye maziwa tu. Ukiona inavyopanda na kushuka kwake, ukailinganisha na inavyoshuka kwa mama, hesabu inakupa vitu viwili: gramu za maziwa kwa siku, na gramu za maji yaliyotoka kwingine.

Mikono ndiyo inayoharibu. Dozi ipimwe kwa mizani ya gramu 0.01, inywewe kwa mrija. Chupa isuuzwe kwa maji kama mililita 50 na mama ayanywe kwa mrija ule ule. Tone likimwagika kwenye kanga, pima ulichopoteza au mwondoe mama huyo. Mate ya mama: asile wala kunywa nusu saa, azungushe donge la pamba mdomoni mpaka lilowe, uliweke kwenye sindano ya plastiki isiyo na ncha, usukume mate yashuke kwenye kichupa. Mtoto ni pamba kwenye kijiti, mara kadhaa, angalau dakika 15 baada ya kunyonya, la sivyo unapima maziwa. Ziba kichupa papo hapo. Kikikaa wazi, maji yanabadilishana na hewa na sampuli imekufa. Kila jozi kwenye mfuko wake, ndani ya friza ya nyuzi –20. Na chupa za dozi zisifunguliwe kamwe kwenye chumba cha sampuli. Mtoto na mama wapimwe uzito siku ya 0 na ya 14.

Afrika Mashariki imeshatumika: Pokot huko Kenya (2005) kupima wingi wa maziwa, na magharibi mwa Kenya (2017), ambako mama wenye VVU walionekana kunyonyesha maziwa ya mama pekee zaidi kuliko wasio na VVU.

---

swali_gumu

Basi hicho ndicho kipimo cha kweli, dodoso litupwe.

---

maabara_isotopu

Hapana, mkuu. Nacho kina upofu wake.

Mtoto huingiza maji hata kutoka kwenye hewa, kwa pumzi na ngozi. Hesabu inaondoa takriban 6.3% kwa ajili hiyo, lakini hewa ya Dar si hewa ya Njombe. Kwa hiyo hata mtoto asiyepewa tone haonyeshi sifuri. Mwongozo wa kwanza ulitumia mpaka wa gramu 25 kwa siku. Uchambuzi wa 2019 ukausogeza hadi gramu 86.6. Chini ya hapo mtoto anahesabiwa "pekee". Mabadiliko hayo ya mpaka peke yake yanahamisha watoto wengi kutoka kundi moja kwenda jingine, kwa hiyo usilinganishe tafiti bila kuangalia uliotumika.

Sasa chukua vijiko viwili vya dawa ya chango alivyotaja mkunga_pwani. Ni mililita 10. Maabara haivioni kabisa, maana inatoa wastani wa siku 14. Dodoso linaviona mama akisema. Kinyume chake, mtoto anayepata mililita 150 za maziwa ya kopo kila siku na mama akanyamaza, dodoso linampoteza, maabara inamkamata. Ukiwa na fedha, fanya dodoso kwa wote na deuteriamu kwa kundi dogo kati yao, ujue dodoso lako linapandisha kwa kiasi gani.

Kumpima mtoto kwa mizani kabla na baada ya kunyonya, akiwa na nguo na nepi ile ile, kunakupa wingi wa maziwa. Kuhusu upekee hakukuambii lolote.

---

dodoso_safi

Kwa wanaotumia simu za kukusanyia data: angalieni muda wa sehemu ya vinywaji na vyakula. Mdodosaji anayemaliza kwa sekunde 40 hakuuliza. Alisikia "ananyonya tu", akabonyeza hapana mpaka mwisho. Panga matokeo kwa mdodosaji: kama wenzake wana 55–65% na yeye ana 95%, rudieni watoto wake watano kesho yake, msisubiri wiki iishe. Na wadodosaji wasivae sare za kliniki.

---

muuguzi_ctc

Sisi kliniki ya mama wenye VVU tunajaza kila ziara: maziwa ya mama pekee, mchanganyiko, au mbadala. Kwetu si takwimu tu. Tangu matokeo ya Durban ya Coutsoudis na wenzake (1999) inajulikana kwamba kuchanganya kulikwenda na maambukizi zaidi kuliko maziwa ya mama pekee, na siku hizo hazikuwa na dawa za sasa. Je, data hii ya kliniki inaweza kutumika kwa kiashiria cha wilaya?

---

BiTakwimu

Kwa kumhudumia mtoto yule, itumieni kila siku, dada. Kwa kiashiria cha wilaya, hapana. Wanaokuja ndio wanaofuatilia ushauri, na wengi wameulizwa dakika chache baada ya kupewa somo. Lakini mnaweza kuifanya iwe imara zaidi kwa mambo mawili. Swali liulizwe kabla ya ushauri, kwenye meza ya uzito, kwa orodha fupi: maji, maziwa mengine, dawa ya kienyeji, uji. Na safu ya umri ijazwe kwa tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya ziara yenyewe. Ikitumika tarehe ya kuingiza kwenye kompyuta mwisho wa mwezi, mtoto wa miezi mitano na nusu anasogezwa miezi sita na kutoka kwenye hesabu bila mtu kujua.